Ukurasa Nilioufuta Jumapili

Molo, Jumatatu, saa tisa mchana

Njeri,

Sikuandikii kukutakia safari njema. Hayo walishakutakia wale wote waliokuja Jumamosi kula mbuzi wangu, na nusu yao hawajui hata Ujerumani iko upande gani. Sitakuambia uvae sweta, wala usali, wala upige simu ukifika. Una miaka ishirini na sita na cheti cha uuguzi, na baridi ya Molo umeizoea tangu ukiwa mgongoni. Kesho jioni unapanda ndege, na mimi leo nina hasira na wewe. Sitaificha ili barua ipendeze.

Naandika humu humu, kwenye kibao ulichonipa, kwa ile kalamu yake inayokwaruza kama kalamu ya kweli. WiFi nimeiwasha makusudi. Sasa nimeelewa: kila nikifunga ukurasa, kitu hiki kinautuma kwenye akaunti yako, nawe huko Bahati kwa shangazi yako unaufungua kwenye simu. Basi fungua. Safari hii ninajua kwamba unasoma.

Nitaanza na kosa lako. Langu litafuata, na ni kubwa zaidi, lakini usifikiri ukubwa wa langu unalifuta lako.

Baada ya ile asidi ya kupimia mafuta ya maziwa kunirukia machoni kule kazini, kwenye kituo cha maziwa, simu iliniwia adui. Mwanga wake ulinitoa machozi kabla sijamaliza mstari mmoja. Ndipo ukaja na kibao hiki, ulichokuwa ukisomea mitihani yako. Ulinionyesha kwamba hakimuliki macho, kwamba kinasomeka juani kama gazeti, kwamba naweza kukuza herufi mpaka ziwe kama za bango la duka. Chaji yake ilikaa wiki mbili, na wewe unajua stima ya hapa inavyopotea. Nikasoma Biblia yangu tena. Nikaandika mahubiri ya mchungaji kila Jumapili bila kutafuta miwani. Sikukushukuru inavyopasa. Nilisema, "Iweke hapo," nikaendelea kumenya viazi.

Ulikuwa na haraka ya kuwahi gari la Nakuru. Ulisema umeacha akaunti yako ndani ili vitabu visipotee, na mimi niliitikia tu. Akaunti ni nini kwangu? Kwangu hilo lilikuwa daftari. Daftari ukilifunga, limefungwa.

Wewe ulijua. Miezi minane umekuwa ukinisoma. Siku moja ulinipigia ukiniuliza, huku unacheka, kama ni kweli mchungaji alisema mke wa Nuhu alikuwa mvumilivu kuliko Nuhu mwenyewe. Nilicheka pia. Nilidhani umeambiwa na mtu wa kwaya. Kumbe ulikuwa umeniona nikiandika, karibu herufi kwa herufi, na hukusema. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nakibeba ndani ya kiondo mpaka kanisani, nakipangusa kwa kitambaa safi.

Wewe ni muuguzi. Unajua kubisha mlango kabla ya kuingia kwa mgonjwa ambaye hajavaa. Kwangu hukubisha. Ukifika huko na ukafunguliwa milango ya wageni, kumbuka kwamba mlango kutokuwa na kufuli hakumaanishi umekaribishwa. Hilo nimelisema, na sitalirudia.

Sasa langu.

Yule mhubiri mgeni wa semina ya akina mama, mwenye viatu vyenye ncha, alitupa kazi ya wiki nzima. Tuandike kila uchungu tulionao moyoni, kila siku kidogo, bila kumwonea mtu haya, na tutaje majina. Jumapili tungezichoma karatasi zote kwenye karai nyuma ya kanisa na kutoka pale tukiwa wepesi. Wenzangu walinunua daftari. Mimi nikasema nina kibao, nitaandikia humo, kwani karatasi ni karatasi.

Nikaandika tangu Jumatatu, karibu mwezi mmoja sasa. Jumatatu na Jumanne nilimwandika cucu yako, mama wa baba yako, ambaye wewe ulimjua akiwa mzee mpole anayekupa peremende. Jumatano nikakuandika wewe.

Jumapili karai liliwashwa. Akina mama walitupa karatasi zao, wengine wakilia, moshi ukituingia sote. Ilipofika zamu yangu, mwenyekiti wa akina mama akanitazama na kibao changu, akauliza kama nacho nakitupa motoni. Watu walicheka. Nikageuza kalamu upande wa kufutia, nikasugua ukurasa wa Jumatano mbele yao mpaka ukabaki mweupe. Haukubaki mweupe vizuri. Unajua kibao hiki kina tabia ya kubaki na kivuli cha yaliyofutwa, mpaka ufungue ukurasa mwingine. Nilikiona kivuli cha jina lako pale, kimefifia, nikafunga kifuniko. Nikaenda nyumbani nikijiona mwepesi kweli.

Nawe ulikuwa umeusoma tangu Jumatano. Ulikuwa umeupiga picha. Shangazi yako ameniambia, kwa sababu ulimwonyesha. Kwa hiyo wewe unao, na mimi niliyeuandika sina. Lakini naukumbuka, na nitauandika tena hapa, ili usidhani naukimbia:

"Njeri nimemlea kwa sababu nilimzaa. Kila nikimtazama namwona mama wa mume wangu amekaa jikoni kwangu. Sijawahi kumpenda."

Ndiyo hayo. Wiki tatu ulikaa nayo bila kusema neno. Ulikuja nyumbani ukapika na mimi, ukachinjiwa mbuzi, ukawashukuru wageni mmoja mmoja. Halafu wakati wa maombi, wazee walipokuita ukae kwenye kiti katikati, nami nikaja kukutemea mate ya baraka kifuani kama mama zetu walivyotufanyia, ukasimama ukarudi nyuma hatua moja. Ulisema polepole, wageni hawakusikia.

"Mum, usinibariki. Niliisoma ile page. Yote."

Mate yalikuwa tayari mdomoni. Nilimeza. Sijui kama unaelewa maana ya mzazi kumeza baraka mbele ya ukoo mzima huku akitabasamu. Nilikuchukia dakika ile. Niliwaambia watu umeshikwa na kizunguzungu. Kabla chai haijamiminwa ulikuwa umeingia kwenye gari la shangazi yako na sanduku lako, na tangu hapo simu zangu huzishiki.

Jana shangazi yako alinipigia. Wanja unamjua, mtu wa kutafuta njia ya mkato. Aliniambia kazi ni rahisi sana.

"Mwambie tu ulikuwa unamaanisha mathe. Si wote ni Njeri? Atabeba hiyo, aende na amani, na mambo iishe."

Mathe ni mama yake, cucu yako uliyepewa jina lake. Nilikaa na maneno hayo mpaka nikamaliza kukamua. Yalinivutia, sitakudanganya. Siku mbili kabla ya ukurasa wako nilikuwa nimemwandika cucu yako. Nani angejua mpaka uko wapi kati ya Njeri mmoja na mwingine? Ungeamini kwa sababu ungetaka kuamini. Ungenikumbatia uwanja wa ndege.

Nimekataa. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye mlango wa kituo cha maziwa nikiwarudishia watu mitungi yao kwa sababu wametia maji. Nimemrudishia jirani, nimemrudishia mzee wa kanisa, na wote nimewaambia machoni. Leo nikutilie maji wewe, ndiyo iwe zawadi yako ya safari? Nilimaanisha wewe. Siku ile niliandika jina lako nikikumaanisha wewe, binti yangu, wa kwanza.

Sasa sikiliza ilikotoka, si kama kisingizio.

Nilipoolewa kwa baba yako, cucu yako alikuwa akija jikoni kwangu kila jioni. Anatembea mikono imefungwa nyuma ya mgongo. Anafunua jagi la maziwa, ananusa, anakunja uso. Siku tatu kwa wiki alikuwa anayamwaga. Maziwa ya asubuhi yote, mbele ya vibarua, anayamwaga mlangoni anasema yananuka mkono wangu. Hayakunuka. Ndiyo maana nikaenda kusomea maziwa, Njeri. Watu hudhani niliipenda kazi. Nilikwenda kutafuta kipimo ambacho yule mama hawezi kubishana nacho.

Ulipozaliwa, desturi ilikuwa imeshaamua. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mume. Alikuja hospitalini na uji wake, akasimama kando ya kitanda, akakufunua uso akasema, "Nimezaliwa tena." Huo ndio usemi wetu, kila bibi husema hivyo akimwona mjukuu wa jina lake, na watu hufurahi. Mimi nilisikia kitisho. Nilisikia kwamba yule mama ametoka tumboni mwangu mwenyewe, na sasa nitamnyonyesha. Nesi alipokuleta nikageukia ukutani. Nilikaa hivyo mpaka kesho yake asubuhi. Ulilia, na mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyekupakata. Hakuna aliyewahi kukuambia hilo, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyebaki nikilijua.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuita "Mami" mpaka siku aliyokufa, kwa kuwa ulikuwa mama yake. Mimi nilikuita "wewe." Rudisha kumbukumbu uone kama nasema uongo. Wewe njoo. Wewe leta kuni. Jina lako lilinikwama kooni.

Kuna siku moja nataka uisikie kutoka kwangu, kwa sababu najua unaikumbuka bila kujua maana yake. Ulikuwa na miaka saba. Ulitoka shule, ukaingia jikoni, mikono nyuma ya mgongo kama watoto wanavyofanya wakiwa wamechoka. Ukafunua jagi, ukanusa, ukakunja pua. Nilikupiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Uliniuliza umefanya nini na sikukujibu. Yale maziwa, Njeri, yalikuwa yamechacha kweli. Nilikuja kuyaonja baadaye, ulipolala. Mimi, mpima maziwa wa watu, nilikuwa nimempiga mtoto kwa kusema kweli, na nikayamwaga kimya kimya na sikukuomba msamaha.

Tangu siku ile unakunywa strungi, chai isiyo na maziwa. Wageni wakiuliza huwaambia kwamba tumbo lako halipatani na maziwa. Miaka kumi na tisa nimewaambia hivyo, hata Jumamosi nimewaambia. Tumbo lako halina shida yoyote.

Basi umejua ulipigwa kwa nini. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo, ambalo nilikutendea. Hilo ni kubwa kuliko nililoandika.

Lakini ukurasa ule una uongo mmoja, na sitauacha uende nao Ulaya. Nimeupima kama ninavyopima ya wengine. Kwamba nilikulea kwa sababu nilikuzaa, ni kweli, kwa miaka mingi. Kwamba nilimwona yule mama kwenye uso wako, ni kweli. Kwamba sijawahi kukupenda, hapo nilitia maji. Mhubiri alitaka uchungu, nami nikampa uchungu mpaka ukamwagika, kama mtu anayelia matangani akaona anatazamwa akaongeza sauti.

Wakati wa ile asidi nilifungwa macho yote mawili kwa siku nne kule Nakuru. Uliomba ruhusa kazini ukakaa nami. Sikuona uso wako. Nilisikia viatu vyako kwenye korido na nikavijua kati ya viatu vya wote. Ulinilisha. Uliniambia kabla ya kila kitu unachotaka kufanya, sasa nakuinua, sasa nakupangusa shingo, ili nisishtuke. Siku ya pili ulimgombeza daktari mzima kwa sababu alizungumza juu yangu kana kwamba sipo. Nilikuwa nimelala pale gizani nikajiuliza, huyu ni nani? Huyu mtu mkali, mwenye mikono ya joto, anayeimba vibaya anapodhani nimelala, ni nani? Hakuwa yule mama hata kidogo. Nilikuwa nimeishi na wewe miaka ishirini na mitano na ilibidi nifungwe macho ndipo nikujue. Nilikupenda siku zile nne mpaka nikaogopa kufunguliwa.

Nilipofunguliwa nilikutazama, na uso ulikuwa wako. Sikukuambia. Ningekuambiaje? Nilisema chai ya hospitali haina ladha.

Nakupenda, Njeri. Nimechelewa, na kuchelewa kwangu kumekugharimu wewe, si mimi. Sikuombi unisamehe kabla ya ndege, eti ili mimi nilale vizuri. Lala na hasira yako ukitaka, ni halali yako. Hata mimi ninayo ya kwangu bado, na ile picha ya ukurasa wangu, uliyokwenda kumwonyesha Wanja, itanichukua muda mrefu kuimeza.

Jambo moja tu la kazi yako. Huko unakwenda kuwaosha na kuwalisha wazee wa watu. Mmoja wao, mapema au baadaye, atakuwa na mdomo kama wangu. Atakataa chakula chako. Atakuita "wewe" kwa Kijerumani. Utasikia mkono wako unakuwa mzito ukimvua soksi, utamvuta kidogo zaidi ya inavyohitajika, na hakuna atakayekuona. Huyo hatakuwa mimi. Atakuwa bibi wa watu ambaye hajawahi kukuona maishani mwake. Najua mkono huo unavyokuwa mzito; nimekuwa nao. Ukiusikia, weka soksi chini, toka nje, upumue, kisha urudi.

Kibao nitabaki nacho. Nilifikiri kukurudishia, hasira zilikuwa zimefika hapo. Lakini macho yangu yanakihitaji. Usiondoe akaunti yako. Nitaandika mahubiri, nitaandika ng'ombe gani amezaa, na siku nikiwa na uchungu na wewe nitauandika pia, nikijua unafika. Hiyo ndiyo adhabu yetu sote wawili. Wewe nawe, ukisoma, useme umesoma.

Kesho asubuhi nitakuja Bahati. Sikuombi ruhusa. Nitasimama nje ya geti la shangazi yako mpaka saa nne. Sitapiga hodi na sitamtuma mtu akuite. Ukitoka, sitakutemea mate wala sitakushika usipotaka kushikwa. Usipotoka, nitarudi Molo, kwa sababu ng'ombe wa jioni hawajui habari zetu.

Na hili ndilo la mwisho, ndilo hasa lililonifanya nikae chini na kalamu. Siku ukizaa msichana, watu wetu watakuja na desturi yao. Watakuambia kuna mtoto ambaye lazima abebe jina langu, na Wanja atakuwa wa kwanza kupiga simu. Mkatalie. Ukiona umenisamehe kabisa, bado mkatalie. Usimpe jina langu. Mtafutie jina ambalo halina mtu ndani yake. Siku utakayomleta hapa sitasema nimezaliwa tena. Nitamshika mkono, nitamuuliza anaitwa nani, na nitasubiri anijibu mwenyewe.

Mama yako